Dakika kumi za kuchora baada ya Maghrib



Mwambie mtoto yeyote wa hapa Kajaga akuchoree mwezi mwandamo. Wengi watakuchorea mwezi uliosimama wima, ncha moja juu na nyingine chini, kama ule wa kwenye bendera na kadi za Idd. Kisha toka naye nje baada ya Maghrib, mwezi 2 au mwezi 3, mtazame upande wa Kongo juu ya milima ya Uvira. Mwezi haukusimama. Umelala chali kama mtumbwi, pengine umeinama kidogo tu, na ncha zake zinaangalia juu. Sisi tuko karibu na ikweta na huku kwetu hilali hulala hivyo. Mtoto ameiona tangu azaliwe, lakini mkono wake unachora kadi ya Idd.

Ndiyo maana nasema kila nyumba iwe na daftari la kuchora, na lifunguliwe kila siku. Sikusudii kila mtoto awe fundi wa picha. Nakusudia macho yafanye kazi yake. Katika Suratul Ghaashiya tunaulizwa kuhusu ngamia, mbingu, milima na ardhi, kama tunavitazama. Mtu anayechora mti analazimika kuutazama. Anayeupiga picha kwa simu hana haja hiyo, simu imemtazamia.

Najua wapo ambao wameshakunja uso. "Kuchora si haramu?" Swali hili ni la haki na nisingependa lipuuzwe, kwa sababu hadithi za Mtume (s.a.w.) kuhusu watengenezaji wa sanamu na picha za viumbe wenye roho ni sahihi na ni kali. Wanazuoni wamekhitalifiana katika ufafanuzi wake: wengi wamekataza kabisa kuchora chenye roho, baadhi ya Wamaliki wakaona picha isiyo na kivuli ni makruhu, na wengi waliruhusu wanasesere wa watoto kwa sababu Bibi Aisha (r.a.) alikuwa nao. Mimi si mufti. Muulize shehe wako kuhusu chenye roho, na nyumbani kwako fuata unaloliamini.

Lakini tusifunge mlango wote kwa sababu ya chumba kimoja! Imo katika Sahih Bukhari habari ya mtu aliyemjia Ibn Abbas (r.a.) akimweleza kuwa riziki yake ni kutengeneza picha. Alipoisikia hadithi alibadilika rangi kwa hofu. Ibn Abbas hakumwacha hivyo hivyo, alimwelekeza kwenye miti na kila kisicho na roho. Na katika kitabu hicho hicho Ibn Mas'ud (r.a.) anasimulia jinsi Mtume (s.a.w.) mwenyewe alivyochora mistari: umbo la pembe nne, mstari katikati uliotokeza nje, na vistari vidogo pembeni yake, akiwafundisha masahaba kuhusu mwanadamu, ajali yake inayomzunguka, matumaini yake yanayovuka mpaka, na misukosuko inayompata. Somo zito kama hilo lilifundishwa kwa mchoro.

Na tujiulize jambo jingine. Mama yule yule anayemgombeza mwanawe kwa kuchora, wiki ya harusi anakaa usiku kucha akimchora bi harusi hina mikono yote miwili, maua na majani hadi kwenye kiwiko. Kofia za kiua tunazovaa Ijumaa zilianza kwa mtu kuchora nakshi juu ya kitambaa. Waandishi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, waliipamba misahafu yao kwa nakshi za rangi zinazopendwa mpaka leo. Az-Zahrawi wa Andalusia alichora vyombo vya upasuaji katika kitabu chake cha tiba, vyombo karibu 200, ili daktari ambaye hajawahi kumwona ajue kisu kinafananaje. Al-Idrisi alichora ramani ya dunia mwaka 1154. Hawa wote ni wazee wetu, na kalamu haikuwatoa katika dini.

Tatizo la hapa kwetu ni kiboko, na nadhani wakazi wa Kajaga wananielewa. Anatoka ziwani usiku, anakula majani hadi karibu na nyumba za watu, na asubuhi watoto hawana habari nyingine. Ukimpa mtoto kalamu ya risasi kitu cha kwanza anachotaka kuchora ni kiboko. Mtoto mmoja mtaani alichaniwa karatasi yake mbele ya wenzake kwa kosa hilo, na nijuavyo hajachora tena. Kwa maoni yangu hilo halikuwa na faida yoyote. Kama nyumba yako haichori chenye roho, mpeleke mtoto kwenye nyayo (asubuhi, na kiboko akiwa ameshaondoka, huyu si mnyama wa kufanyiwa mzaha). Mguu wa kiboko una vidole vinne. Achore unyayo, aweke mguu wake mwenyewe kando apime, achore njia aliyopita na majani yaliyolala. Atajifunza mengi kumhusu kiboko kuliko yule aliyechora duara lenye masikio.

Sasa utaratibu wenyewe. Nyumba ninayoijua vizuri huchora dakika kumi baada ya Maghrib. Baba anachora, mama anachora, bibi anachora, mgeni akikuta akipewa karatasi hakatai. Kila mmoja ana daftari la kawaida la shule. Umeme ukikatika wanachora kwa mshumaa, tena watoto hupenda hivyo zaidi. Hakuna zawadi na hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Mkubwa hachukui kalamu kumsahihishia mdogo. Wala hakuna anayepeleka michoro kwenye "status", kwani siku picha itakapokosa wa kuisifu ndiyo siku daftari litakapofungwa. Siku iliyopotea haitafutwi kulipwa, hii si saumu. Tunajua kuwa amali ipendezayo zaidi ni ile ya kudumu hata ikiwa ndogo, basi dakika kumi zinatosha.

Anzeni na mwezi. Kila usiku mchoro mmoja mdogo, tangu hilali hadi usiondoke tena. Usiku wa 14 hivi mtoto ataona unachomoza mashariki, upande wa vilima vya Bujumbura, wakati jua linazama Kongo. Hapo atafahamu zile siku nyeupe, 13, 14 na 15, ambazo babu hufunga, zimeitwa nyeupe kwa nini. Kisha aangalie ziwani. Usiku wa giza Tanganyika huwa na taa nyingi za wavuvi wa ndagala, maana samaki hao hufuata mwanga wa taa. Mwezi ukipevuka taa za wavuvi hazina nguvu, wengi hupumzika, na mama akienda sokoni analiona hilo katika bei. Mbingu, ziwa na sufuria vimo katika daftari moja, na mtoto ameyaona mwenyewe bila kuhadithiwa.

Jamaa walio mbali nao waingie. Binamu aliye Kanada achore mwezi wa jioni hiyo hiyo apige picha ukurasa autume. Mwezi wake utakuwa umesimama zaidi kuliko wetu, na aliye Oman wake utakuwa kati kwa kati. Wekeni michoro mitatu pamoja, mwacheni mtoto aulize. Wanafunzi mnaopanga chumba kimoja mjini mnaweza kufanya vivyo hivyo na sahani ya wali iliyo mbele yenu, kabla ya kuila. Na jirani asiye Mwislamu akileta watoto wake, karibuni sana, mti ni mti.

Kuna sababu nyingine, nayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda, maji yaliingia katika nyumba nyingi za Kajaga na Gatumba, kama yalivyofanya miaka michache kabla yake. Kuna watu waliohama na kuna vyumba vilivyobaki kuta. Wazee husimulia pia mafuriko ya miaka ya 1960, lakini ukiwauliza maji yalifika wapi hasa, mmoja ataonyesha mwembe na mwingine ataonyesha barabara. Hakuna aliyechora! Ziwa hili lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, kule Kalemie, kwa hiyo likijaa halishuki haraka, na mtoto aliyepoteza kitanda chake katika maji anaishi akilitazama kila siku.

Mtoto kama huyo mpeni sehemu moja ya kukaa, iliyo salama, na achore kitu kile kile kila Jumamosi: ukuta, mti, nguzo, na maji yalipofikia. Aandike tarehe ya Kiislamu na ya kawaida chini. Wengine wataongea wakichora, maneno ambayo hawakuyasema tangu usiku ule wa kuhama, msiwakatize. Na baada ya miaka mitano, mtu atakapouliza maji yalifika wapi, Kajaga itakuwa na daftari la kumwonyesha.