Filme ya Viraka: Ni Udanganyifu ao Hapana?



Tangu ile filme ya Bugs Bunny ionyeshwe hapa masomoni, maneno hayaishi. Wakubwa wa kalasi ya sita wanasema tulilipa franga ya filme moja, tukapewa vipande vizee vilivyoshonwa pamoja. Wanataka komite isilete tena filme za namna ile. Mimi sikubali.

Viraka ni kweli. Zamani kule Marekani filme fupi ya kuchorwa, dakika sita ao saba tu, ilionyeshwa mu sinema mbele ya filme kubwa. Warner Bros. ilifunga studio yake ya zamani mu mwaka 1963, lakini watoto waliendelea kumuona sungura ku televizio. Basi mu 1979 Chuck Jones akachukua filme fupi alizoongoza yeye mwenyewe, akachora Bugs kama musimulizi katikati, ikatoka The Bugs Bunny/Road Runner Movie. Mel Blanc, mwenye kutoa sauti, alizaliwa 1908. Tegeni sikio: sungura ni mumoja, lakini sauti yake ni ya kijana na ya muzee pia!

Sasa, viraka haviko sawa. Coyote akianguka mu bonde, kuanguka kule kumekwisha. Unaweza kuunga mara kumi na hakuna kinachoharibika, ila tumbo kuuma kwa kucheka. Lakini Duck Amuck ya 1953, iliyoandikwa na Michael Maltese, ni hadithi nzima. Muchoraji anamusumbua Daffy, anamufuta, anamupa mwili wa ajabu, na ni mwisho tu tunajua muchoraji ni nani. Ukikata mwisho ule, umeua yote. Mu 1001 Rabbit Tales ya 1982, Bugs anamusomea hadithi mutoto wa sultani, na filme fupi zinabanwa ziingie mule. Pale uzi unaonekana kuliko kitambaa.

Udanganyifu mimi nauona pengine: ku karatasi ya juu. Hapa ku mupaka muuzaji atakuapia “ni mupya kabisa”, na majina ya wale waliochora hayaandikwi. Kwa hiyo naomba komite itusomee miaka na majina mbele ya kuzima taa. Dakika mbili zinatosha.

Na neno lingine. Jean-Michel Kibushi, Mukongomani mwenzetu, alitengeneza Le Crapaud chez ses beaux-parents mu 1991, na Muana Mboka, ya mutoto wa barabara wa Kinshasa, mu 1999. Zote ni fupi. Juu ya nini sungura wa Marekani apate jumamosi nzima, na chura wetu hata robo saa hana? Tuzionyeshe jioni moja, moja nyuma ya ingine, bila kushona: kila moja na jina lake, na mwisho wake. Wakubwa wa sita wakikuja, nitawawekea benchi ya mbele.