Ikanga Haihitaji Ndege Kubwa, Inahitaji Chama

KAULI YA MWAKIO
Na Mwakio Nyambu

Msimu wa kura ukikaribia, uwanja wa ndege wa Ikanga hufufuka midomoni mwa wanasiasa wetu. Tunaahidiwa watalii watakaoshuka Voi moja kwa moja kutoka Ulaya, ndizi na nyanya za Taveta zitakazopakiwa jioni na kuuzwa Dubai asubuhi, na ajira kwa vijana wa Sofia na Mwakingali. Kura zikishahesabiwa, Ikanga huachiwa upepo wake na vumbi lake.

Sina ugomvi na ndoto kubwa. Ugomvi wangu ni kwamba tunataka kuezeka nyumba ambayo msingi wake haujachimbwa. Uwanja wa ndege hauchangamshwi na ndege kubwa inayotua mara moja kwa wiki. Huchangamshwa na watu wa papo hapo wenye ndege ndogo ya viti viwili au vinne, fundi anayejulikana kwa jina, banda la mabati, na daftari la zamu. Watu hao wakiwa pamoja, huitwa klabu. Taita Taveta inastahili kuwa na klabu yake ya urubani, na nasema hivyo nikijua vyema kwamba kuna msomaji wa Kishushe anayeniuliza maji yako wapi kwanza. Nitamjibu.

Anayedhani mambo ya angani ni mageni kwetu hajasikia habari za Maktau. Mwaka 1915, Waingereza wakiwa mbioni kujenga reli kutoka Voi ili wawakabili Wajerumani walioiteka Taveta, marubani wa jeshi lao la majini walikuwa wakipaa kutoka Maktau kwenda kuchungulia ngome za adui. Mapema mwaka uliofuata, majira ya mapigano ya kilima cha Salaita, Kikosi cha 26 cha marubani wa Afrika Kusini kilipiga kambi Mbuyuni. Nairobi wakati huo haikuwa na klabu ya ndege. Aero Club of East Africa ilianzishwa mwaka 1927, zaidi ya miaka kumi baada ya wazee wa Maktau kuzoea mngurumo wa injini juu ya mashamba yao.

Halafu kuna Mei 14, 1931. Siku hiyo Denys Finch Hatton, mwindaji na rubani Mwingereza, alipaa kutoka Voi kwa ndege yake aina ya Gipsy Moth kurudi Nairobi. Alikuwa amekuja kujaribu jambo jipya kwa wawindaji wa enzi hizo, kutafuta tembo kutoka angani. Ndege ilipaa, ikazunguka, kisha ikaanguka na kuwaka moto karibu na uwanja. Alikufa pamoja na mtumishi wake, Kamau. Finch Hatton alizikwa katika vilima vya Ngong, akaandikiwa vitabu, akaigizwa kwenye sinema, na kambi ya kifahari Tsavo Magharibi ikapewa jina lake. Beryl Markham, aliyealikwa kwenye safari hiyo akaacha kwenda, alivuka Atlantiki peke yake mwaka 1936 kutoka Uingereza hadi Kanada na kuingia katika historia. Kamau hupewa nusu ya mstari, na mara nyingine hata huo haupati.

Namtaja Kamau kwa makusudi. Kwa zaidi ya miaka 100 anga yetu imekuwa na kazi tele, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo Mwafrika alipanda ndege kama mtumishi, au alibaki chini akifyeka nyasi za uwanja. Siku hizi wapo marubani Wakenya, wanaume kwa wanawake, katika Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na katika mashirika ya ndege. Irene Koki Mutungi alifuzu kuwa kapteni wa Kenya Airways mwaka 2004. Lakini mtoto wa Mbololo au Sagalla anayetaka kufuata nyayo hizo hana pa kuanzia hapa nyumbani. Njia yake huanza kwa tiketi ya gari moshi kwenda Nairobi, kisha kodi ya chumba, kisha karo. Wengi huishia kwenye tiketi.

Ajabu ni kwamba kazi iko huku. Zaidi ya nusu ya eneo la kaunti hii limo ndani ya mbuga za Tsavo, na Tsavo hailindwi kwa miguu na Land Cruiser pekee. Tangu enzi za akina David Sheldrick na Bill Woodley, wasimamizi wa zamani wa Tsavo, ndege ndogo imekuwa jicho la askari wa wanyamapori. Leo KWS, Sheldrick Wildlife Trust na Tsavo Trust wote hurusha ndege huku. Ipendwayo sana ni Piper Super Cub, ndege ya viti viwili, mmoja nyuma ya mwingine, inayoweza kwenda polepole kiasi cha kumwezesha rubani kuona mzoga kichakani na kutua kwenye kipande kifupi cha murami. Wakati tembo Satao, mwenye pembe ndefu zilizokaribia kugusa ardhi, alipouawa na majangili mwaka 2014, na Satao wa Pili alipofuata mwaka 2017, habari hizo zilitoka kwa watu waliokuwa wakiwafuatilia kutoka angani.

Tazama pia sensa ya wanyama. Hesabu ya 2017 ilipata tembo 12,866 katika mfumo wa Tsavo na Mkomazi. Ile ya kitaifa ya 2021 ikapata 14,964 upande wetu wa Tsavo, kati ya 36,280 wa nchi nzima. Nambari hizo hazikuokotwa mezani. Ndege hukata mistari juu ya nyika, kwenda na kurudi, chini kabisa, siku baada ya siku. Rubani hushikilia mstari wake huku upepo ukimsukuma, aliye kando yake huandika, na wawili wa nyuma hukodoa macho, kila mmoja dirishani kwake, wakitaja kila wanachokiona kwenye kinasa sauti. Kundi likiwa kubwa hupigwa picha na kuhesabiwa tena baadaye. Ukishindwa kuvumilia joto, kichefuchefu na kukaa sehemu moja saa nzima, hufai. Hiyo ni kazi ambayo kijana aliyekua akifukuza tembo kwenye mahindi ya babake angeifanya kwa moyo, kwa sababu anamtambua tembo akiwa kivuli tu chini ya mgunga.

Nao moto je? Agosti 2020 Tsavo Magharibi iliungua siku kadhaa. Mwaka huo huo na uliofuata nzige walituvamia, na ndege za kunyunyiza dawa zikawa gumzo la soko la Voi. Wageni walikuja, wakafanya kazi nzuri, wakaondoka na ujuzi wao. Sisi tulibaki na video za simu.

Nirudi Ikanga. Kuruka Voi kuna elimu yake, na elimu hiyo haimo kwenye kitabu cha Nairobi. Mji wetu uko mita 580 hivi juu ya bahari, jambo linalompa faraja mgeni aliyezoea uwanja wa Wilson ulio juu zaidi. Faraja hiyo huisha saa sita mchana. Joto likifika nyuzi 33, hewa hupungua uzito kiasi kwamba ndege huhangaika kana kwamba imepanda zaidi ya mita 1,300. Kwa hesabu ya injini na mabawa, Voi ya mchana imehamia Wundanyi. Ndege iliyopaa kwa raha alfajiri itahitaji njia ndefu zaidi, na ikiwa imejaza watu na mafuta, huenda isitoshewe na uwanja. Ongeza upepo unaogonga kilima cha Sagalla na kurudi na misukosuko, na mawingu yanayofunika Vuria na Iyale asubuhi, utaelewa kwa nini marubani wa huku hunywa chai yao saa kumi na moja alfajiri na kuegesha ndege saa nne.

Joto hilo hilo lina upande wake mzuri. Hewa ya moto inayopanda ndiyo humbeba tumbusi saa nzima bila kupiga bawa, na ndiyo hubeba ndege zisizo na injini. Mchezo huo umewahi kuchezwa Mweiga, karibu na Nyeri. Tambarare ya kutoka Maungu hadi Kasigau ina hewa hiyo ya bure kila mchana wa kiangazi.

Kabla ya yote hayo kuna nidhamu ya chini. Rubani wa ndege ndogo huanza siku kwa kutembea uwanjani akitafuta mashimo ya ngiri, mavi mabichi ya tembo na mbwa waliolala. Kisha huchuchumaa chini ya bawa, akakinga mafuta kidogo kwenye kikombe cha plastiki na kuyainua kwenye mwanga. Mafuta ya ndege yana rangi ya samawati. Yakiwa na maji, maji hujitenga na kutulia chini ya kikombe. Tone hilo likifika kwenye injini ndege ikiwa juu ya Ndara, hakuna kituo cha kando ya barabara cha kuita fundi. Mtoto anayefundishwa kutazama kikombe hicho kila asubuhi, hata kama jana kilikuwa safi, amefundishwa jambo litakalomfaa hata akija kuwa daktari au dereva wa matatu.

Sasa nije kwa pesa, maana najua ndiko mnakonisubiri. Ndege ni ghali. Saa moja ya mafunzo Nairobi inaweza kumeza mshahara wa mwezi wa mhudumu wa hoteli, na leseni ya rubani binafsi hudai saa zisizopungua 40, cheti cha daktari, mitihani, na umri wa miaka 17. Ndege yenyewe hailipiwi mafuta tu. Ina bima, ina ukaguzi wa kila mwaka, ina vipuri, ina ada za Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, na hutoza hayo yote hata ikilala bandani. Ndiyo maana mtu mmoja akinunua ndege huchoka upesi, na ndiyo maana dunia nzima ndege ndogo zimeishi kwa klabu.

Na klabu ni nini kama si chama? Kina mama wa Birikani hununua mahema, viti na sufuria kubwa ambazo hakuna kati yao angeweza kuzinunua peke yake, wakakodishana na kuwakodisha wengine, na daftari lao haliruki hata shilingi. Waendesha bodaboda wana sacco zao. Walimu wana zao. Watu 20, wengine wakiwa kazini Mombasa na Nairobi, wakichanga kila mwezi, wanaweza kuwa na ndege kuukuu ya viti viwili. Zipo injini ndogo za siku hizi zinazotumia petroli ya pampu ya kawaida, hivyo hata ile shida ya kusafirisha mafuta maalum kutoka mbali inapungua. Huko Kasigau, shirika la uhifadhi la Wildlife Works lilitumia jairokopta, chombo kidogo chenye pangaboi juu, kwa doria za msitu.

Msomaji wangu wa Kishushe, nimekusikia. Maji kwanza. Lakini sijaomba hata senti ya bajeti ya maji. Kwa serikali ya kaunti na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ninaomba vitu visivyo na zabuni: kiwanja cha kujenga banda, ua wa kuzuia ng'ombe na pundamilia, na ada nafuu ya kuegesha kwa miaka michache ya mwanzo. Wanaohofia ajali wana haki, maana hadithi ya Voi na ndege ina majivu ndani yake. Hata hivyo, rubani wa pekee asiye na mwenzake wa kumwambia "leo usiruke" yumo hatarini kuliko yule mwenye klabu. Wanaohofia tembo kushtuliwa nao wana haki. Ruhusa na njia za kupita mbugani zipangwe na KWS, na anayezivunja avuliwe uanachama bila kuangaliwa ni mtoto wa nani.

Tena si lazima tuanze na ndege. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kina walimu wa uhandisi na madarasa yanayokaa wazi Jumamosi. Hali ya hewa, kusoma ramani, sheria za anga na kazi ya injini vyote hufundishwa mtu akiwa ameketi kwenye benchi. Vijana wetu wanaopiga picha za harusi kwa droni wapo. Kanuni za mwaka 2020 zimeweka wazi wanavyotakiwa kusajiliwa na kufunzwa, na wengi hawazijui. Hao ndio wanachama wa kwanza, wakipewa leseni na kazi ya kutazama moto na mipaka ya mashamba badala ya kukimbizana na polisi. Kisha mara moja kwa mwaka klabu iwaalike marubani wa Wilson, Malindi na Ukunda waje Ikanga na ndege zao, na shule zilete watoto waketi kwenye viti hivyo na kushika usukani.

Tukumbuke Wilson wenyewe unabeba jina la Florence Wilson, mjane aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1929 kwa ndege ndogo, wakati hakuna aliyekuwa akiota Boeing.

Kwa hiyo mwalimu mstaafu, fundi wa Caltex, mwenye duka la dawa, dada unayefanya kazi bandarini na kurudi Voi kila mwisho wa mwezi, hili ni lenu. Kikao cha kwanza hakihitaji ndege. Kinahitaji watu 20, katibu mwenye mwandiko unaosomeka, na akaunti ya benki isiyofunguliwa kwa jina la mtu mmoja.