Hesabu Ibandikwe Ukutani



Yako maneno mawili ambayo tumeyasikia mno, wakati mwingine hata mimbarani, nasi tunayakataa. La kwanza husema: "Rushwa ni tabia yetu, ndivyo tulivyo." La pili husema: "Kila mtu ajirekebishe moyoni mwake, na rushwa itakwisha." La kwanza ni tusi kwa watu wetu. La pili ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli huweza kudhuru kuliko uongo mtupu.

Tuanze na tusi. Mwaka 2013 watafiti watatu wa Uswidi, Anna Persson, Bo Rothstein na Jan Teorell, walichapisha utafiti uliotokana na mahojiano yaliyofanyika Kenya na Uganda. Hawakukuta watu wanaoipenda rushwa. Walikuta watu wanaoilaani na kujua vema kwamba inawaangamiza, lakini wanashiriki kwa sababu wanaamini kwamba wenzao wote wanafanya hivyo. Mama mwenye mtoto mgonjwa hatoi hongo kwa kuwa dhamiri yake imekufa. Hutoa kwa kuwa anajua aliye nyuma yake katika foleni atatoa, na mtoto wake ndiye atakayebaki benchini. Kumwambia mama huyo peke yake ajirekebishe ni kumwonea mara ya pili.

Hapa Tanzania jambo hili lilielezwa zamani. Tume iliyoundwa na Rais Benjamin Mkapa mwaka 1996, chini ya uongozi wa Jaji Joseph Sinde Warioba, ilimtenganisha mla rushwa wa kipato kidogo, ambaye mshahara haumtoshi, na kiongozi mkubwa anayetaka kujilimbikizia mali. Wote wawili wanakosa, lakini hawakosi sawasawa. Mbona basi mahubiri yetu yamekuwa makali kwa karani na mapole kwa mheshimiwa anayekalia kiti cha mbele siku ya harambee?

Rothstein, aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Gothenburg, hushikilia kwamba serikali njema hutambulikana kwanza kwa kutopendelea: mtumishi wa umma humhudumia mtu kwa sheria, si kwa undugu, wala kwa chama, wala kwa uzito wa mfuko wake. Penye haki ya namna hiyo, raia huiamini serikali, na tena huaminiana wao kwa wao. Na pasipo haki hiyo, raia hujiuliza: ikiwa aliyekula kiapo ananiibia, jirani yangu asiyekula kiapo nimwamini kwa lipi? Ndiyo maana tunasema kwamba imani ya umma haiombwi wala haihubiriwi. Huvunwa palipopandwa haki.

Je, ipo dawa? Tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ambayo serikali kuu ilizitolea shule za msingi kati ya mwaka 1991 na 1995. Walilinganisha vitabu vya serikali na vitabu vya shule zipatazo 250. Kwa wastani, katika kila shilingi 100 zilizotolewa, shilingi 13 tu zilifika shuleni. Tena shule za maskini zilipunjwa zaidi, maana wazazi wake hawakuwa na sauti ya kudai. Ndipo serikali ikaanza kutangaza magazetini fedha zilizopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika hesabu mahali pa wazi. Ilipofika mwaka 2001, shilingi zipatazo 80 katika kila 100 zilikuwa zikifika.

Wapo wataalamu walioonya kwamba matangazo hayakufanya kazi hiyo peke yake, kwani mageuzi mengine ya fedha yalikuwa yakiendelea. Onyo hilo tunalipokea. Hata hivyo, Waganda hawakubadilika damu katika miaka hiyo michache. Taratibu ndizo zilizobadilika, na giza likaondolewa mahali ambapo wezi walizoea kujificha. Tusi la "ndivyo tulivyo" limekosa ushahidi.

Basi kila Jumuiya Ndogo Ndogo iulize: shule yetu na zahanati yetu zimepelekewa kiasi gani, lini, na zimetumiaje? Mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, ndio mahali pa kuuliza. Msimtume mtu mmoja, maana anayeuliza peke yake huitwa mchochezi. Nendeni wengi, kwa adabu, na mtake jibu lililoandikwa na kubandikwa ukutani.

Lakini tusijidanganye. Parokia isiyosoma mapato na matumizi yake mbele ya waamini haina mdomo wa kuidai serikali ya kijiji. Mapadre wenzetu wakikasirika kwa neno hili, na wakasirike. Mficha maradhi, kifo humfichua. Tubandike kwanza hesabu zetu mlangoni pa kanisa siku ya Jumapili, ili Jumatatu tuweze kwenda shuleni kuuliza za kwao bila kuinamisha macho.