Ukimpeleka mtoto Mkapa, panga kurudi kwanza

Mzazi mwenzangu, mtoto akishasikia Simba na Yanga zinacheza, nyumbani hakukaliki. Kwa sisi wa Gwata, kwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa si kazi. Kazi ni kurudi.

Mechi ikianza saa 11 jioni, inaisha karibu saa 1 usiku. Utoke Temeke, ufike stendi ya Magufuli kule Mbezi, upate basi la njia ya Morogoro, ushuke upande bodaboda ya kuingia kijijini, na mtoto amelala begani. Basi omba kwa ndugu pa kulala Dar kabla hujakata tiketi. Ukikosa, safari hii atazame kwenye runinga.

La pili ni mlangoni. Uwanja ule unaingiza watu 60,000. Mei 28, 2023, siku ya fainali ya Yanga na USM Alger, watu walikanyagana wakiingia. Mmoja alifariki na wengine wakajeruhiwa. Kata tiketi zenu kwa N-Card mapema, mfike saa 8 mchana. Mkiona foleni imegeuka kusukumana, tokeni pembeni. Bora mkose bao la kwanza.

Namba yako ya simu iandike kwenye karatasi, iwe mfukoni mwa mtoto. Mwonyeshe geti la kukutania mkipotezana. Filimbi ya mwisho ikilia, kaeni vitini dakika 20, umati upungue. Mtoto atakumbuka mechi. Wewe kumbuka mkono wake.