Ni Nani Shujaa?

Katika mdahalo wetu wa muhula huu wengi walisema kwamba shujaa ni yule ashikaye silaha, na mwenye kuomba kura ni mwoga tu. Nami nilipiga makofi pamoja nao. Tangu siku ile nimesoma habari za Ganesh Ghosh, Mbengali aliyezaliwa mwaka 1900, na sasa naona makofi yangu yalikuwa ya haraka.

Ghosh alikuwa mfuasi wa mwalimu Surya Sen katika mji wa Chittagong, ambao leo umo nchini Bangladesh. Usiku wa tarehe 18 Aprili, 1930, waliteka ghala mbili za silaha za Waingereza na kukata nyaya za simu. Yeye aliongoza kundi lililoteka ghala ya polisi. Wengi walikuwa vijana wa shule. Wengine walikuwa na miaka 14 tu, wadogo kuliko sisi wa kidato cha nne. Katika ghala ya pili walipata bunduki, lakini risasi zake hawakuziona. Siku nne baadaye, juu ya kilima cha Jalalabad, wenzao 12 waliuawa. Mwalimu wao alinyongwa mwaka 1934.

Ghosh alikamatwa, na mwaka 1932 akapelekwa gerezani katika visiwa vya Andaman. Alifunguliwa mwaka 1946, ujana wake umekwisha. Akajiunga na chama cha Kikomunisti, akasimama mbele ya watu kuomba kura. Mwaka 1952, 1957 na 1962 walimchagua kuingia baraza la jimbo la Bengal Magharibi, na mwaka 1967 Bunge la India. Mwaka 1971, akiwa na miaka 70, alishindwa na Priya Ranjan Dasmunsi, kijana wa miaka 25.

Wako watakaosema kwamba mtu aliyenyimwa kura hana budi kushika silaha. Sibishi, Ghosh mwenyewe alifanya hivyo. Lakini bunduki haimwulizi mtu kama akutaka. Mwenye kuomba kura hurudi kwa watu tena na tena, na siku wakimkataa hutoka. Kwa mtu aliyewahi kuteka ghala ya silaha, hilo nadhani si jambo dogo.

Basi, wenzangu, mdahalo huo ukirudiwa muhula ujao, mtanikuta nimekaa upande wa pili.