Ndugu zangu wa jogging, laleni

Ndugu zangu wa klabu ya jogging pale Tandika, na wewe kocha wetu,

Huku Birmingham baridi ndiyo imeanza. Video zenu za asubuhi zinanifikia na zinanifurahisha sana. Tangu Alphonce Simbu atwae dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, naona hata waliokuwa wakikwepa mchakamchaka shuleni wamenunua raba. Mungu awazidishie. Ila lile tangazo lenu la kukimbia siku 100 mfululizo bila kupumzika, na faini kwa atakayekosa hata siku moja, limeninyima raha. Nawaombeni mlifute.

Kazi yangu mnaijua: niko kwenye kliniki ya fiziotherapia, nasaidia watu warudi kutembea na kukimbia. Wengi ninaowapokea hawakuanguka wala kugongwa. Waliongeza mazoezi kwa pupa. Huanza na maumivu kwenye muundi, mahali padogo pa kufunikwa na ncha ya kidole. Kwanza panauma mwisho wa mbio, baadaye tangu hatua ya kwanza, mwishowe hata usiku mtu amelala. Ukipabonyeza, mwenyewe anaruka. Mara nyingi hapo mfupa umeshapata ufa, na huyo hatakimbia kwa wiki 6 hadi 8, pengine zaidi.

Kijana mzima anapataje ufa bila kugongwa? Mfupa ukipewa kazi mpya, mwili kwanza hubomoa sehemu iliyochoka, ndipo hujenga upya. Kubomoa huchukua kama wiki 3, kujenga huchukua kama miezi 3. Kwa hiyo aliyeanza kwa kishindo, wiki chache baadaye anakimbilia mfupa ulio dhaifu kuliko siku ya kwanza. Misuli nayo huchanika kidogokidogo katika mazoezi magumu, na hujirekebisha tukiwa tumetulia, hasa usingizini, maana homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Asiyelala vizuri anajichosha tu. Nguvu anayoitafuta haipati.

Sasa tazameni siku yenu. Saa kumi na nusu alfajiri mko barabarani. Baadaye daladala, kazi, foleni, na wengi mnafika nyumbani saa tatu usiku. Kuoga, kula, simu kidogo, saa sita hiyo. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi, ninyi hamfikishi hata 5. Kwa mtu wa namna hiyo, kubaki kitandani asubuhi moja kuna faida zaidi kuliko kilomita 10, na nasema hivi kwa dhati kabisa.

Mtaniambia mabingwa wanakimbia karibu kila siku. Ni kweli, kwenye kambi za Iten na Kaptagat nchini Kenya kilomita ni nyingi. Lakini ulizeni saa zinazobaki wanafanya nini. Wakitoka mbio za asubuhi ni chai na kujilaza. Baada ya chakula cha mchana wanalala tena. Na mbio za jioni huwa za polepole, watu wanapiga soga. Hawana daladala ya kuwahi, hiyo ndiyo ajira yao. Eliud Kipchoge, aliyekimbia Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, akimaliza marathoni huupa mwili wiki kadhaa za kupumzika. Na wiki 2 za mwisho kabla ya mbio kubwa, wakimbiaji hupunguza kilomita hadi karibu nusu, ili wafike siku hiyo wakiwa na miguu mipya.

Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa kwa siku 5 inakufikisha hapo, na siku 2 zinabaki. Zile hatua 10,000 kwa siku mnazobishania zilitokana na kipimahatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, si agizo la daktari.

Dada zangu, hedhi ikikatika na huna mimba, usikubali kuambiwa kwamba ndiyo mwili umekaza. Huenda chakula na mapumziko havitoshi, na mifupa inaumia kimyakimya. Nenda hospitali.

Simwambii mtu aache mazoezi. Mwenye sukari au presha aendelee kutembea kama daktari alivyomwelekeza. Ninachoomba ni Jumatatu na Alhamisi ziwe za kulala, kunyoosha viungo, kukaa barazani na wazee bila kuonekana mvivu. Huku watu wanalipia madarasa ya kufundishwa kutulia. Ninyi baraza mnayo bure.

Kocha, wafundishe kupima mapigo ya moyo kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono. Yakipanda juu ya kawaida ya mtu kwa siku kadhaa, huyo apumzike, hata kama ndiye mwenye kasi kuliko wote. Na yule kijana mliyemtoza faini kwa kubaki nyumbani kwa sababu ya muundi, mrudishieni fedha yake wiki hii, asikimbie tena mpaka aonwe na daktari.

Wenu,
Ndugu yenu wa Birmingham