Kahawa ya Ruiru haimo kwenye gemu

Wapenzi wa gemu za mikakati wana dai ambalo si la kupuuza: kwamba aliyecheza Civilization au Age of Empires kwa miaka kadhaa ameelewa kwa nini jamii huinuka na kuanguka kuliko aliyekaririshwa historia darasani. Sehemu ya dai hilo naikubali. Gemu hizi humzoesha kijana kufikiri kwamba chakula hutangulia jeshi, na kwamba fedha iliyokwisha kujenga ukuta haitajenga shule. Mengine yanayodaiwa hayasimami ukiyaleta Thika na Ruiru, miji ya Kenya iliyoinuka na kuyumba huku wazee wake wakitazama.

Dai moja hutolewa na gemu yenyewe kabla mchezaji hajagusa kitu: kwamba jamii huanza kwenye ardhi tupu. Tangu Sid Meier alipotoa Civilization mwaka 1991, unaanza na walowezi wachache katika ramani iliyofunikwa giza. Katika toleo la sita la gemu hiyo kuna vijiji vya makabila. Askari wako akikanyaga kijiji unazawadiwa dhahabu au maarifa, na kijiji kinafutika. Wenyeji wamekwenda wapi, hakuna anayeuliza. Upande wa Thika wanauliza hadi leo. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1915 iliwafungulia walowezi mikataba ya miaka 999, na hukumu ya mahakama ya 1921 ikamfanya Mwafrika mpangaji anayeweza kuondolewa wakati wowote. Wakikuyu walitetea githaka zao, yaani ardhi za ukoo, mbele ya Tume ya Carter, iliyoketi kuanzia 1932, na madai ya watu wa Kandara juu ya ardhi ya mananasi ya kampuni ya Del Monte yamefika Tume ya Taifa ya Ardhi na mahakamani.

Dai ninalolisikia zaidi, na linaloniudhi zaidi, ni kwamba anayewahi teknolojia ndiye huinuka, na aliyeanguka alizubaa. Ruiru ina kituo cha utafiti wa kahawa. Mwaka 1985 watafiti wake walitoa Ruiru 11, mbuni mfupi unaostahimili ugonjwa wa matunda na kutu ya majani, maradhi yaliyommaliza mkulima kwa gharama ya dawa. Mbegu yake huzalishwa ua kwa ua: mfanyakazi hulitoa ua stameni kabla halijachanua, hulipaka chavua ya mbuni mwingine, kisha hulifunika lisipate chavua ya nje. Kwenye gemu, ugunduzi kama huu ungepandisha pato zamu inayofuata, na lisishuke tena.

Mavuno ya Kenya yalifika kilele msimu wa 1987/88, takriban tani 129,000. Julai 1989 mfumo wa migao ya mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika baada ya nchi wanachama kushindwa kuelewana, na bei ikaporomoka. Mkulima wa Ruiru au Gatundu hakuwa na kiti katika mazungumzo hayo. Ongeza sosaiti zilizochelewesha malipo, makato ya kila aliyeigusa kahawa kabla haijafika mnadani, na sheria iliyokataza kung'oa mibuni bila kibali hata pale ilipomtia mwenyewe hasara. Siku hizi nchi haivuni hata nusu ya kilele kile. Maarifa yalikuwepo, tena karibu kabisa na mashamba yaliyokuja kukatwa ploti. Ekari 5,000 za mji mpya wa Tatu City zilikuwa za kahawa. Nimesikia vijana werevu wakimwita mkulima wa kahawa mvivu kwa sababu gemu imewazoesha kuamini kwamba kila hatua iko mkononi mwa mchezaji.

Kuna wanaosema: unganisha miji kwa barabara, yote itatajirika. Katika gemu msafara wa biashara huongeza dhahabu kila zamu. Barabara kuu ya Thika, kilomita 50 hivi, iliyozinduliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, sitaibeza. Mgonjwa anawahi hospitali na mboga hazinyauki njiani. Ila tazama ilivyogawa faida. Aliyekuwa na ploti karibu na lami pale Ruiru alipandisha fleti za bedsita na kodi ikaanza kuingia kila mwezi. Sensa ya 2019 ikakuta Ruiru imeipita kwa wingi wa watu Thika, mji wa viwanda. Gemu ingeipa Ruiru ushindi, kwa kuwa huhesabu vichwa. Mimi nauliza kazi iko wapi, na jibu liko steji saa kumi na moja alfajiri, kwenye foleni ya matatu za kwenda Nairobi.

Wengine hujibu kwamba gemu za siku hizi zimejirekebisha, kwamba Mali na Ethiopia zimo. Nafurahi zimo. Lakini Zanzibar katika toleo lile la sita ni mji mdogo wa kuwekwa chini ya himaya; anayeupata hupewa karafuu na mdalasini, na raia wake wanaridhika. Watumwa waliochuma karafuu hizo katika karne ya 19 hawamo popote.

Dai la mwisho ni kwamba jamii ikianguka imekwisha. Lakini mji wa pwani wa Kilwa ulitekwa na kuporwa na Wareno wa Francisco de Almeida mwaka 1505. Mwaka 1776 sultani wake alitia saini mkataba na Mfaransa Morice wa kumuuzia watumwa. Mji uliinuka tena, kwa gharama ya watu wengine. Thika nayo ilipigwa: soko lilipofunguliwa miaka ya 1990 na mitumba ikajaa, viwanda vingi vya nguo nchini vilifungwa, Rivatex ya Eldoret na Kicomi ya Kisumu zikiwemo. Thika Cloth Mills ni miongoni mwa vilivyosalimika. Nendeni Makongeni, Thika, mkawaone mafundi cherehani wakipunguza suruali za mitumba zimkae mteja, wakiishi kwa bidhaa ile ile iliyofunga viwanda. Kuwaita mabaki ya jamii iliyoanguka ni kukosea hesabu. Wana wanagenzi wa kufundisha na karo ya kulipa, na kaunti ya Kiambu huwadai ada kama mfanyabiashara mwingine yeyote.